Kidole cha Kumi

Kwa miaka ishirini na moja niliamini kwamba binadamu hupumulia kucha. Sisemi nilidhani, wala sisemi nilihisi. Niliamini, tena kwa nguvu kuliko ninavyoamini utabiri wa mvua. Niliamini kwamba ukimpaka mtu rangi kwenye kucha zote kumi za mikono, bila kuacha hata moja wazi, hewa inakatika na mtu anaanguka. Za miguuni sikuzihesabu, kwa sababu miguu iko mbali na mapafu. Msicheke bado. Mtacheka vizuri zaidi mkishauona ushahidi niliokuwa nao, maana ulikuwa ushahidi ambao hata hakimu angeupokea kwa mikono miwili.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotembea na vikapu vya rangi mkigonganisha chupa mbili ili kina mama wajue mmefika, na ninyi pia mnaojipaka wenyewe nyumbani kwa chupa za bei ya chini za sokoni. Mimi nimestaafu mwezi uliopita. Hakuna aliyenistaafisha, macho yangu yenyewe ndiyo yaliyoandika barua. Yalianza kuona kucha kumi na mbili kwenye mikono miwili, na mpaka rangi anayeona kucha kumi na mbili atamaliza chupa kabla ya kumaliza mteja. Vyeo kazi yetu haina, na mapato yake ni siri baina yangu na mfuko wa suruali, kwa hiyo hayo tuyaruke.

Nilianza nikiwa kibarua wa kuanika kahawa, kazi ambayo mvua ya Bukoba humfukuza mtu mara tano kwa siku. Siku moja mvua ilinifukuza mpaka kwenye baraza la duka karibu na soko, na pale nikamkuta Mzee Athumani. Babu zake walitoka pwani, yeye alizaliwa Bukoba hapa hapa na Kihaya alikiongea kunishinda. Alikuwa na kisanduku cha mbao chenye chupa kama arobaini, zimepangwa kwa rangi, na mbele yake ameketi mama mmoja mnene amenyoosha mikono kama anayebarikiwa. Mvua ilinyesha saa tatu. Nilimtazama saa tatu. Ilipokatika, kahawa niliisahau mpaka leo.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa muuza senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Nilitetemeka kiasi kwamba nadhani hata meza ya jirani ilicheza. Nilipomaliza, akajiangalia, akaniangalia.

"Baba," akasema, "umenipaka au umenichovya?"

Rangi ilikuwa imefika kwenye kiungo cha kwanza cha kidole. Mzee Athumani hakucheka mbele yake. Alicheka baada ya mama yule kuondoka, akacheka mpaka adhuhuri, halafu akaanza kunifundisha.

Alianza na mikono, kabla hatujafungua chupa yoyote. Mikono ya kwetu haiji kwa fundi ikiwa safi. Inakuja ikitoka kumenya ndizi, na utomvu wa ndizi ukishajificha pembeni mwa kucha unakuwa mweusi kuliko lami. Ukipaka rangi juu yake, hata iwe nyekundu ya moto, mteja ataonekana fundi baiskeli. Mzee alidondosha matone mawili ya mafuta ya kula, akasugua, kisha nusu ya limau, kisha maji ya uvuguvugu yenye sabuni. "Mafuta hung'oa utomvu, sabuni hung'oa mafuta," alisema. Kina mama wa nyumbani mimi nawaongezea langu: jipakeni mafuta kabla ya kumenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, msingoje baada, na utomvu hautapata pa kushika.

Kisha kukausha, kukausha kweli, maana rangi ya bei ndogo haigombani na mtu ila maji na mafuta. Ukiiweka juu ya kucha yenye unyevu, kesho yake inabanduka nzima kama ganda la harage. Kisha tupa ndogo ya kucha, unaisukuma upande mmoja tu. Ukienda mbele na nyuma kama anayekata mbao, ncha ya kucha inachanika matabaka. Chupa usiitikise. Ukiitikisa unaingiza povu, na povu hilo utalikuta juu ya kucha limekuwa vipele. Iviringishe katikati ya viganja, joto la viganja linailainisha. Mistari ni mitatu: katikati, kushoto, kulia, na karibu na ngozi unaacha nafasi nyembamba kama uzi. Asiye na mkono thabiti ajipake mafuta ya mgando kwenye ngozi inayozunguka kucha. Rangi ikimwagika pale, inafutika kwa pamba bila vita. Safu mbili nyembamba, si moja nene. Kati ya safu na safu unangoja. Mzee alingoja kwa dua zake, mimi Mlutheri nikangoja kwa kuimba moyoni beti nne za wimbo wa kanisani, polepole, pamoja na kiitikio.

"Rangi ya bei ndogo haina kosa," alikuwa akisema. "Kosa ni haraka. Ipe joto kidogo, na kaa pasipo upepo, upepo unaleta vumbi."

Joto kidogo, pasipo upepo. Nikayaweka maneno hayo kichwani. Lakini mimi, kama mke wangu atakavyowaambia hata msipomuuliza, ni mwanafunzi anayeongezea.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini alipokuja Ma Leonia, mama wa Muleba aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo katika hospitali moja ya misheni. Aliketi, akanyoosha mikono. Kucha tisa zilikuwa nyekundu, ya kidole cha shahada ilikuwa tupu.

"Hicho nacho kimepatwa na nini?" nikamwuliza.

"Waitu, acha tu. Muuguzi amenifuta mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Nikamwambia, dada, nimepaka juzi! Akasema ni lazima, tunataka kuona kama unapata hewa. Akanibana kidole na kitu kama kibanio cha nguo, kikawa kinalia ti, ti, ti."

"Hewa? Kwenye kidole?"

"Mimi nimekwambia alivyosema. Sikutia chumvi. Haya, nipakie hicho kimoja."

Nilimpakia kwa wasiwasi. Alipoondoka nilimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea upande wa stendi, nikingoja aanguke. Hakuanguka. Nikajiambia ataangukia mbele ya safari.

Nikamwuliza Mzee Athumani. Akafikiri, akajikuna kidevu. "Hilo sijalisikia," akasema. "Ninachojua, rangi hii haipitishi maji. Ndiyo maana wake zetu hawaipaki siku za kuswali, udhu haufiki kwenye kucha, wanatumia hina. Lakini hewa? Mwanangu, hapo muulize daktari."

Sikumuuliza daktari. Nani anapata jambo tamu namna hiyo akalipeleka kwa daktari likaharibike? Nami nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: kitu kisichopitisha maji kitapitishaje hewa?

Wiki ile ile ushahidi ukaniingilia nyumbani. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja Kitendaguro, mimi na Adelina, mke wangu, bado wapya kabisa. Nilikuwa nimenunua chupa tatu za bei ya chini kuliko zote sokoni, nyekundu, zambarau na moja ya rangi ya kahawa iliyoiva, nikataka kuzijaribu kabla ya kumpaka nazo mtu wa watu: ipi inakauka upesi, ipi inastahimili kumenya ndizi siku tatu. Hata ninyi fanyeni hivyo. Chupa mpya ijaribuni kwenye mkono wa nyumbani kwanza, kila rangi kidole chake, mwandike kwenye daftari.

Mvua ilikuwa inamwagika. Nikakumbuka: pasipo upepo. Nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikasokomeza khanga chini ya mlango, na nadhani hata tundu la funguo nililiziba. Nikakumbuka: joto kidogo. Nikaingiza ndani jiko la mkaa lenye sufuria ya maharage, nikaliweka karibu na kitanda ili rangi ikauke kama kiwandani. Adelina akaketi kitandani, akanyoosha vidole. Nikapaka kimoja baada ya kimoja, nikiimba beti zangu.

"Edwini, kichwa kinanigonga," akasema nilipofika kidole cha saba.

"Tulia, bado safu ya pili."

"Na macho yanaona ukungu."

"Ni uzuri huo, hujauzoea."

Nilipomaliza cha kumi, kidole kidogo cha kushoto, Adelina akateleza ubavu kama gunia la kahawa lililofunguliwa kamba. Ndugu zangu, niliona kifo kimeketi kitandani kwangu kimenyoosha kucha. Ndani palikuwa na giza, nisingeweza kuona vizuri, kwa hiyo nikamnyanyua nikamtoa mpaka barazani, nikachukua pamba na dawa ya kutolea rangi, nikafuta kile kidole kidogo cha kushoto. Nikafuta kwa nguvu za watu sita. Na kucha ilipokuwa nyeupe, Adelina akavuta pumzi ndefu, akafungua macho, akatazama mkono wake.

"Mbona umefuta?" akasema.

Sasa niambieni, ninyi mnaocheka. Ningefikiri nini? Baada ya wiki chache tukajua alikuwa na mimba changa, na hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa: watu wawili walikuwa wanapumulia kucha kumi, na mmoja wao zake hazijaota.

Tangu siku hiyo sikumpaka mtu kucha kumi. Kila mteja aliondoka na tisa, na kidole kidogo cha kushoto kikiwa kitupu. Waliouliza niliwaambia ni kwa usalama wao. Wengine walifoka, wengine walicheka, wachache walinihurumia. Lakini Muleba, nilikokwenda siku za gulio, kikatokea kitu ambacho sikukipanga: wasichana wakadhani ni mtindo. Wakaanza kujiachia wenyewe kile kidole nyumbani, wengine wakakipamba kwa kitone kidogo cha ncha ya kijiti cha meno. Nawaambia, kulikuwa na msimu ambapo ungeweza kumtambua binti wa Muleba popote duniani kwa kidole chake cha kushoto. Haya, popote katika wilaya.

Nikiwa na miaka arobaini niliingia masomo ya jioni, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na mvi mbili. Nilisoma baiolojia kwa jicho la mpelelezi. Mwalimu akatufundisha kwamba chura hupumua hata kwa ngozi yake. Nikaandika, nikapiga mstari mwekundu. Wiki iliyofuata akasema senene hapumulii mdomo, ana matundu madogo mbavuni. Nilisimama darasani nusura nipige makofi. Senene mbavuni, chura ngozini, kwa hiyo binadamu kuchani kuna ajabu gani? Kwenye mtihani palikuwa na swali la viungo vinavyomsaidia binadamu kupumua. Niliandika pua, mapafu, na kucha. Nilipata D, nikasikitika kwamba msahihishaji hakuwa mtu wa kufuatilia mambo mapya.

Lakini nisiwadanganye kwamba nilikuwa na amani. Nilikuwa na imani, amani sikuwa nayo. Mambo mengi hayakukaa sawa. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jirani yetu Kitendaguro, aliyeniita nyumbani kwake siku ya baridi. Nikafunga madirisha, nikavuta jiko karibu kama kawaida, nikampaka tisa. Tisa, sikuzidisha! Akalalamika kichwa, akasema anataka kutapika. Nikamkimbiza mlangoni penye mwanga, nikafuta kimoja zaidi, vikabaki nane. Akapata nafuu. Nilikaa siku tatu nikiwaza. Mwisho nikaamua kwamba walimu, kwa sababu ya kuongea mchana kutwa, wanatumia hewa nyingi kuliko raia, na kuanzia hapo walimu niliwapaka nane.

Kisha akaja Rama. Rama ni kijana wa mjini, ana kikapu cha plastiki na mdomo wa kukodisha. Anatembea barabarani, anapaka watu barazani, chini ya miti, kwenye benchi za nje ya saluni, na anapaka kumi. Kumi, mbele ya macho yangu, bila haya.

"Ta Tisa!" alikuwa akiniita, yaani Baba Tisa kwa Kihaya, kwa sauti ya kuvuka barabara. "Cha kumi leo umekisahau wapi?"

"Rama, utaua mtu."

"Nimeshapaka nusu ya mji, mzee wangu. Hebu nionyeshe kaburi moja."

Sikuwa na kaburi la kumwonyesha. Niliwafuatilia wateja wake kwa siku kadhaa, natembea nyuma yao kama mtu asiye na heshima, nikingoja. Walinunua nyanya, walipanda boda, walicheka. Nikasema labda rangi za Rama ni nyepesi. Nikanunua chupa zile zile. Nikasema labda ni upepo wa ziwa, kwamba mjini hewa ni nyingi kuliko huku kwenye migomba. Nilikuja na sababu nyingi kuliko wateja. Usiku mmoja nilimwuliza Adelina, "Hivi wewe siku ile uliona nini hasa?" Akajibu, "Niliona mume wangu ananifuta rangi," akageukia ukutani.

Maana yeye ndiye aliyelipa. Miaka ishirini na moja mke wa mpaka rangi hajawahi kutoka na kucha kumi. Kanisani, harusini, kwenye vikundi vya kina mama, alikunja kile kidole ndani ya kiganja. Alikuwa hanisemi mbele ya watu. Chumbani alikuwa ananisema. "Siku moja nitazikwa na kidole uchi," alikuwa akisema, "na watu watasema mume wake alikuwa fundi." Nami nilimpenda kiasi kwamba nilikubali kusemwa kila siku kuliko kumwona akiteleza tena ubavu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa ya binti yetu, Kokushubira, yule yule aliyekuwa tumboni siku ile. Sendofu yake, yaani sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, tuliifanyia kwenye kibanja chetu cha ukoo, Ijumbi. Asubuhi ya siku yenyewe mvua ilikuwa inanyesha na migomba imeinama kama inasali. Mimi, Koku na mama yake tuliingia chumbani na kikapu changu. Kwa mazoea nikafunga dirisha, nikabana mlango kwa khanga, jiko likawa pembeni.

Nilimpaka Koku kwa ufundi wangu wote. Limau, maji ya uvuguvugu, tupa, safu mbili za rangi ya waridi zilizolala kama maziwa ya mtindi. Tisa. Nikaanza kufunga chupa.

"Baba," Koku akasema. "Leo kumi."

"Mwanangu, unajua."

"Najua nini? Baba, jioni nitawalisha keki wakwe zangu wote mmoja mmoja. Kwetu mtu anatoa kwa mikono yote miwili. Vidole vyote kumi vitakuwa mbele ya macho yao. Watasema kwao binti hakumaliziwa."

"Bora waseme. Utaanguka mbele yao na keki mkononi!"

"Rafiki zangu wote wanapaka kumi! Mimi mwenyewe nimeshapaka kumi chuoni!"

Hilo sikulijua. Nikaketi. "Ulipakia wapi?"

"Nje, kwenye ngazi za bweni. Mbona niko hai?"

Nilimtazama yule mtoto aliyewahi kupumulia kucha za mama yake, nikatazama chupa, nikatazama kidole. Nikipaka, huenda nikampoteza. Nisipopaka, anaingia ukweni na aibu niliyomvisha kwa mkono wangu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na bibi harusi akilia siku ya sendofu baba hana pa kuuweka uso.

Ndipo Adelina akasogea, akaketi mahali pa Koku, akanyoosha mikono.

"Nipake mimi kwanza, Baba Koku. Kumi. Nikianguka, mwanao mwache na tisa zake. Nisipoanguka, utampakia na kunyamaza."

"Mama Koku, usinifanyie hivyo."

"Nimekufanyia kinyume chake miaka ishirini na moja. Paka."

Nikapaka. Sijawahi kupaka polepole namna ile. Nadhani jogoo angezeeka kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilipofika kidole cha tisa, Adelina akaweka kwenye paji la uso kiganja cha mkono ambao rangi yake ilishakauka.

"Kichwa kimeanza kunigonga," akasema kwa sauti ndogo.

"Umeona! Umeona, na bado ni tisa!"

"Hata mimi, Baba," Koku akasema, naye akajishika ukuta.

Koku alikuwa na tisa, mama yake tisa, na wote wawili wanazama. Tisa, kiwango changu cha usalama! Nikashika pamba na dawa ya kutolea rangi, sijui nianze na kidole cha nani, nikawa nageuka huku na huku kama kuku aliyeingia kanisani. Hapo mlango ukasukumwa, ile khanga ikaburutika sakafuni, akaingia Ma Justa na gauni la bibi harusi begani.

Ma Justa ni shangazi wa bwana harusi, kwao upande wa Rubya, muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa muda mrefu kuliko nilivyopaka mimi rangi. Alikuwa ameleta gauni lililokuwa limepelekwa kupunguzwa kiuno. Hakusalimia. Alivuta pumzi moja kwa pua, akatupa gauni kitandani, akaenda moja kwa moja dirishani akalifungua mpaka mwisho. Baridi na mvua vikaingia. Akamshika Koku mkono wa kulia na Adelina wa kushoto, akawatoa barazani, akawakalisha kwenye mkeka.

"Vuteni pumzi," akawaambia. "Taratibu. Hivyo."

Nilimfuata na pamba yangu. "Ma Justa, subiri, nifute kimoja kimoja, hewa iwaingie!"

"Ufute nini?"

"Kucha. Zimezibwa nyingi mno. Ninyi wenyewe hospitalini si mnafuta? Mnataka kuona kama mtu anapata hewa!"

Adelina alikuwa ananiangalia, rangi ya uso ikimrudia, kidole kidogo cha kushoto kikiwa wazi na vingine tisa vinang'aa. Hakuna mtu aliyekuwa amefuta chochote. Nikamweleza Ma Justa yote, tangu Ma Leonia na kibanio chake, chumba cha Kitendaguro, maharage, mwalimu, mpaka chura na senene. Alisikiliza kama anavyosikiliza mgonjwa, bila kunikatiza. Kisha akasema:

"Ta Edwini, kucha haipumui. Kucha imekufa, kama nywele; ndiyo maana ukiikata huumii. Kile kibanio kinapitisha mwanga kwenye kidole kusoma hewa iliyomo ndani ya damu, na rangi inaweza kukizuia kisisome vizuri, basi. Mkeo siku ile alileweshwa na hewa ya mkaa kwa sababu ulifunga dirisha, na alizinduka kwa sababu ulimtoa nje. Yule mwalimu pia. Na hawa leo pia. Na hiyo dawa yako ya kutolea rangi inashika moto upesi, nayo umeiweka karibu na jiko. Mshukuru Mungu. Sasa toa jiko nje, acha dirisha wazi, umalizie mama huyu kidole chake."

Nikatoa jiko nje, nikampaka Adelina cha kumi, kisha Koku cha kwake, na hakuna aliyeanguka.